GeneXpert na katriji ya Ultra: tathmini kwa hospitali za wilaya na vituo vya afya

Hospitali ya wilaya au kituo cha afya ambacho bado kinategemea darubini kupima kifua kikuu, na kimepata nafasi ya kuletewa GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa kifua kikuu, ya moduli nne (sehemu za kuingizia katriji, kila moja na kipimo chake), kiichukue. Huo ndio uamuzi wetu baada ya kuipima mashine hii kwa kazi inayofanya na gharama inazodai. Mengi yanayofuata ni yale ambayo karatasi ya mauzo huyapitia juu juu: makohozi mabaya, joto la stoo, umeme unaokatika katikati ya kipimo, moduli zinazokufa moja baada ya nyingine, na majibu yanayotoka mchana lakini yanamfikia mgonjwa baada ya wiki.

GeneXpert inatengenezwa na kampuni ya Cepheid ya Sunnyvale, California, ambayo tangu 2016 iko chini ya Danaher. Kipimo chake cha kwanza cha kifua kikuu, Xpert MTB/RIF, kilitokana na ushirikiano wa kampuni hiyo, shirika la FIND la Geneva na watafiti wa New Jersey akiwemo David Alland. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikipitisha Desemba 2010. Ultra, toleo jipya la kipimo hicho na ndiyo tunayoitathmini hapa, ilikubaliwa Machi 2017. Kazi yote hufanyika ndani ya katriji ya plastiki. Bakteria wananaswa kwenye chujio, wanaoshwa, wanapasuliwa kwa mawimbi ya sauti, kisha DNA yao inachanganywa na vitendanishi vikavu na kusukumwa hadi kwenye kijibomba chembamba kilichochomoza nyuma ya katriji. Hapo ndipo inapopashwa na kupozwa mara nyingi mpaka iongezeke kiasi cha kuonekana. Mtaalamu wa maabara hagusi chochote katika hatua hizo. Hiyo ndiyo sababu kipimo kilichohitaji vyumba vitatu tofauti na mtu aliyesomea bayolojia ya molekuli sasa kinafanyika juu ya meza ya kawaida.

Ubora wa Ultra unaonekana vizuri ukiuweka kando ya darubini. Ili mtu aone bakteria kwenye darubini, mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa nao 5,000 hadi 10,000. Xpert ya kwanza ilihitaji 113 hivi. Ultra inahitaji kama 16. Imefika huko kwa njia mbili: inatafuta IS6110 na IS1081, vipande vya DNA ambavyo bakteria mmoja huwa na nakala zake nyingi, na chumba chake cha kuzidishia DNA kina maikrolita 50 badala ya 25. Katika utafiti uliochapishwa 2018 na kufanyika katika nchi 8, Kenya na Uganda zikiwemo, wagonjwa ambao darubini iliwakosa lakini kuotesha vimelea kukawathibitisha walipatikana kwa asilimia 63 na Ultra, dhidi ya 46 za Xpert ya zamani. Kwa wanaoishi na VVU ilikuwa asilimia 90 dhidi ya 77. Tofauti hii ya pili ndiyo inayotufanya tuipendekeze bila kusita. Mtu ambaye kinga yake imeshuka mara nyingi hana mashimo kwenye mapafu, makohozi yake yana bakteria wachache, na darubini humrudisha nyumbani akiwa anaumwa.

Faida hiyo ina gharama yake. Umahususi wa Ultra, yaani uwezo wa kumpa asiye na ugonjwa jibu hasi, katika utafiti huohuo ulikuwa asilimia 96, na wa Xpert 98. Wengi wanaoangukia kwenye pengo hilo ni watu waliowahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu mashine haitofautishi DNA ya bakteria aliye hai na ya aliyekufa. Tutalirudia jambo hili kwenye majibu ya "trace", yaani dalili hafifu mno za bakteria.

Maabara nyingi zinazolalamika kwamba mashine inatoa makosa zinapaswa kuanza kutazama kikopo cha makohozi. Katriji haiwezi kuyasaidia mate. Mgonjwa asuuze mdomo kwa maji safi, atoke nje penye upepo, na aelekezwe kwa maneno anayoyaelewa: "Mzee, vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, itoe. Rudia. Ya tatu kohoa kwa nguvu utoe kilicho kifuani, si cha kooni." Mililita 3 au 4 zinatosha kwa kipimo kimoja na akiba ya kurudia, na chini ya mililita 1 usipokee. Makohozi yenye mabaki ya chakula yakataliwe palepale. Yenye damu nyingi yanaweza kuzuia kuzidishwa kwa DNA na kukupa jibu batili. Sampuli inayosafirishwa kutoka zahanati ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 inapowezekana. Kama hakuna barafu, inavumilia hadi nyuzi 35 kwa siku zisizozidi 3, kwa hiyo pikipiki inayokusanya sampuli mara moja kwa wiki haifai.

Maandalizi yenyewe ni ya dakika 15, na hapo ndipo haraka inapoharibu kazi. Chupa ya kitendanishi inayokuja na katriji ina mililita 8 za sodiamu haidroksaidi na isopropanoli. Inaunguza ngozi na macho, na inashika moto, kwa hiyo glavu na miwani si pambo. Legeza mfuniko wa kikopo taratibu, weka kitendanishi mara mbili ya ujazo wa makohozi: makohozi mililita 1, kitendanishi mililita 2, makohozi 2, kitendanishi 4. Funga vizuri, tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20, acha dakika 10. Tikisa tena, acha dakika 5. Sasa inua kikopo usawa wa macho na ukiinamishe upande. Kimiminika kinapaswa kuteleza ukutani kama maji, bila uzi unaovutika wala mabonge. Ukiona uzi, tikisa tena na usubiri kidogo. Watu wengi huruka hatua hii ya kuangalia kwa sababu saa imeshatimia, na dakika chache baadaye mashine inawaonyesha kosa la shinikizo.

Katriji ishikwe ubavuni. Kile kijibomba cha nyuma kisiguswe, maana mwanga wa kupimia hupita hapo na alama ya kidole inatosha kuuvuruga. Namba ya sampuli iandikwe upande wa katriji, isiwe juu ya mfuniko wala juu ya alama ya msimbo inayosomwa na mashine. Fungua mfuniko ukiwa tayari kuweka sampuli, si kabla. Vuta kwa pipeti mpaka mstari wa mililita 2, mwaga polepole kwenye tundu ili usitengeneze mapovu, funga, ingiza kwenye moduli. Katriji iliyoanguka, iliyotikiswa baada ya kujazwa, yenye unyevu au yenye kijibomba kilichopinda ihesabiwe kuwa imeharibika. Inauma kuitupa, ila kuitumia ni kupoteza katriji ileile pamoja na saa nzima ya moduli.

Pamoja na hayo makosa yatakuja, na tunaipongeza Cepheid kwa kuyapa namba badala ya kuandika tu kwamba kipimo kimeshindikana. Kosa 2008 linasema shinikizo ndani ya katriji limezidi kiwango. Tafsiri yake ya kila siku ni makohozi mazito yasiyoyeyuka au yenye chembe, kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi angalia nani aliandaa sampuli hiyo na kwa dakika ngapi. Makosa 5006, 5007 na 5008 ni ya ukaguzi wa vitambuzi (vipande vinavyoishika DNA na kutoa mwanga) kabla kipimo hakijaanza. Hutokea sampuli ikiwa kidogo mno au nyingi mno, au katriji zikiwa zimehifadhiwa vibaya. Kosa 5011, mwanga kupotea katikati ya kuzidisha DNA, mara nyingi hufuatana na joto la chumba au hitilafu ya katriji au moduli. Kosa 2127 ni kukatika kwa mawasiliano kati ya kompyuta na moduli, na ukilipata tazama umeme na nyaya kwanza. Kosa 2037 ni katriji kushindwa jaribio la uzima wake.

Kitu kimoja kinachosaidia kuliko vyote ni kuandika makosa kwa moduli, kwa mtu aliyeandaa na kwa toleo la katriji, kila mwezi. Makosa ya aina moja yakijikusanya kwenye moduli moja, moduli hiyo inaumwa. Yakitapakaa moduli zote lakini yamtokee mtu mmoja, anahitaji kukumbushwa hatua. Yakianza siku boksi jipya lilipofunguliwa, uliza lilisafirishwaje. Maabara inayokwenda vizuri huwa na makosa chini ya asilimia 3 ya vipimo, na vyote vilivyoshindikana, batili vikiwemo, chini ya 5. Anayefika asilimia 10 na kuendelea kuagiza katriji anachoma pesa za wagonjwa.

Jibu batili si sawa na kosa. Kila katriji ina vijimbegu vya bakteria asiyehusika na ugonjwa, vilivyowekwa kama kinga ya udanganyifu: mashine isipowaona hao wala wa kifua kikuu, inakiri kwamba haiwezi kusema chochote. Batili, kosa na "hakuna matokeo" vyote vinadai katriji mpya, na kwa makohozi yaliyobaki au mapya. Kamwe visiandikwe kwenye kitabu kama hasi. Hili linatokea, na mgonjwa anaondoka akiamini hana ugonjwa.

Sasa "trace". Hili ndilo jibu lililowachanganya madaktari wengi zaidi tangu Ultra iingie. Maana yake mashine imeviona vipande vyenye nakala nyingi, IS6110 na IS1081, lakini haikuona jeni ya rpoB ya kutosha. Kwa kuwa rpoB ndiyo inayoeleza usugu wa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, jibu la trace daima huja na usugu usiojulikana. Kwa mtu anayeishi na VVU, kwa mtoto, na kwa sampuli ya nje ya mapafu kama maji ya uti wa mgongo au ya tezi, trace ihesabiwe kuwa kifua kikuu kimethibitishwa na dawa zianze. Kwa mtu mzima asiye na VVU, hasa aliyetibiwa ndani ya miaka 5 iliyopita, inawezekana ni mabaki ya bakteria waliokufa. Hapo daktari atazame dalili, picha ya kifua, na aombe kuotesha. Mwaka 2017 ushauri ulikuwa kurudia kwa makohozi mapya, lakini WHO katika ushauri wa 2020 haikutia tena mkazo kwenye kurudia Ultra kwa watu wazima. Hakikisha fomu ya majibu ya hospitali yako ina nafasi ya kuandika historia ya matibabu. Bila kujua kama mgonjwa aliwahi kumeza dawa za kifua kikuu, trace haisomeki.

Kuhusu rifampisini, Ultra ni bora kuliko mtangulizi wake. Ya zamani ilitegemea kitambuzi kuchelewa au kukosa kushika, na makohozi yenye bakteria wachache mno yaliweza kuleta usugu wa uongo. Ultra inapima joto ambalo kitambuzi kinaachia DNA, njia ambayo haiyumbishwi kirahisi na uchache wa bakteria. Hata hivyo, mgonjwa ambaye hakuwahi kutibiwa, wala hakuishi na mwenye kifua kikuu sugu, akitoka na usugu, chukua makohozi mapya urudie huku rufaa ikiandaliwa. Dawa za kifua kikuu sugu si za kuanzishia mtu kwa bahati mbaya.

Yapo mambo ambayo Ultra haiyaoni, na mnunuzi ayajue kabla. Inasoma kipande kidogo cha rpoB chenye herufi 81. Badiliko liitwalo I491F liko nje ya kipande hicho, na nchini Eswatini utafiti ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kifua kikuu sugu, karibu asilimia 30 katika sampuli za uchunguzi wa kitaifa wa 2009, ilikuwa nalo na ilipita bila kugunduliwa. Isoniazidi, dawa nyingine kuu, haipimwi kabisa: mgonjwa mwenye usugu wa isoniazidi pekee ataonekana hana tatizo. Kipo kipimo cha Xpert MTB/XDR kinachopima isoniazidi, floroquinoloni, dawa za sindano na ethionamidi, ila kinahitaji moduli zinazosoma rangi 10 za mwanga. Moduli za zamani ni za rangi 6 na hazikisomi. Anayeagiza mashine mpya leo aandike rangi 10 kwenye oda. Kuziongeza baadaye ni gharama nyingine.

Jambo jingine linaloombwa kila siku na halifai ni kufuatilia matibabu. Ultra itaendelea kuona DNA ya bakteria waliokufa hata mgonjwa anapopona. Mwezi wa pili na wa tano rudi kwenye darubini na kuotesha. Kwa hiyo darubini isiondolewe maabara siku GeneXpert inapofika, na mtu wa kuisoma asisahau kazi.

Kuhusu mahali pa kuiweka, vipimo vyenyewe vya mashine ni rahisi kukumbuka: chumba kiwe nyuzi 15 hadi 30, katriji zihifadhiwe nyuzi 2 hadi 28. Pwani yetu hiyo 28 ni tatizo la kweli. Stoo ya bati mjini Tanga, Mombasa au Dar es Salaam inaipita mchana wa Februari bila shida, na boksi la katriji halibadiliki rangi likiungua. Weka kiyoyozi kwenye chumba cha mashine na hifadhi katriji humohumo, pamoja na kipimajoto kinachoandikwa asubuhi na jioni. Acha angalau sentimita 10 nyuma na pembeni ya mashine ili feni zipumue, na usiiweke chini ya dirisha linaloangalia barabara ya vumbi.

Umeme ukikatika katikati, kipimo kimekufa na katriji imekwenda. UPS ya kompyuta ya dakika 10 haitoshi. Jibu chanya la Ultra huchukua hadi dakika 80, hasi kama 65, kwa hiyo betri ibebe mashine na kompyuta kwa saa 2. Umeme unaopanda na kushuka unaziua moduli polepole, hivyo kidhibiti cha volti kiwepo hata pale ambapo umeme haukatiki mara kwa mara. Vituo visivyo na gridi vinaweza kutumia jua, mradi betri zihesabiwe pamoja na kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi ndicho mlaji mkubwa kuliko mashine yenyewe.

Matunzo ni kazi ndogo isiyofanywa. Kila wiki zima na uwashe upya mashine na kompyuta. Kila mwezi toa vichujio vya feni, vioshe kwa maji ya sabuni, vikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Futa pistoni na sehemu inapokaa katriji kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa 9 za maji, subiri, halafu futa kwa spiriti ya asilimia 70 ili klorini isile chuma. Pitisha brashi yake maalumu kwenye tundu jembamba la kijibomba. Hifadhi nakala ya data nje ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta huharibika kabla ya mashine. Kila moduli irekebishwe vipimo mara moja kwa mwaka, na inayoshindwa ibadilishwe. Mashine ya moduli nne inayofanya kazi kwa mbili inaonekana nzima kwa mgeni, wakati foleni ya sampuli imekuwa maradufu.

Swali la kiwango cha hospitali linajibika kwa hesabu. Moduli moja hufanya kipimo kimoja kwa wakati, na siku ya kazi ya saa 8 inatoa vipimo 4 hadi 5 kwa moduli, yaani 16 hadi 20 kwa mashine. Kama unapokea sampuli 6 kwa siku, usiache moduli zilale. Mashine hiyohiyo inapima wingi wa virusi vya UKIMWI kwa mililita 1 ya plazma, na VVU kwa watoto wachanga kwa matone machache ya damu. Kliniki ya CTC, inayohudumia wanaoishi na VVU, itafurahi kupata majibu ya mama mjamzito siku hiyohiyo. Panga tu mapema nani anatangulia, la sivyo wagonjwa wa kikohozi watasukumwa jioni.

Ni mahali gani hasa pawekwe? Tafiti mbili za ukanda wetu zinajibu vizuri kuliko maoni. Ya kwanza, iliyochapishwa 2014, iliwahusisha wagonjwa 1,502 katika kliniki za Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya. Wauguzi waliofundishwa kwa siku moja waliiendesha mashine kwa usahihi uliokaribiana na wa mafundi wa maabara, na waliogunduliwa ugonjwa siku hiyohiyo walikuwa asilimia 24, dhidi ya 13 kwa darubini. Lakini mwishoni, hali ya ugonjwa kwa makundi yote mawili ilikuwa sawa, kwa sababu waganga wa upande wa darubini walikuwa wakiwaanzishia wengi dawa kwa kufuata dalili. Ya pili ilifanyika Uganda katika vituo 20 vya afya, ikachapishwa 2021. Huko hawakuleta mashine peke yake: walipanga upya njia ya mgonjwa ndani ya kituo ili apimwe, apate jibu na dawa kwa ziara moja, na kila kituo kikarudishiwa takwimu zake za utendaji. Waliothibitishwa na kuanza dawa ndani ya siku 14 walikuwa 342, dhidi ya 220 kwenye vituo vya kulinganishia. Kwa hiyo kama bajeti inaruhusu mashine moja, iwe pale ambapo kikohozi kinaketi kwenye benchi, hata kama hospitali ya mkoa inaitaka kwa heshima yake. Na kabla haijafungwa, kaeni chini muandike nani anampelekea mgonjwa jibu, kwa simu ipi, na dawa zinatoka dirisha lipi.

Kwa watoto wasioweza kutoa makohozi, Ultra inafanya kazi kwa kinyesi, na hatuelewi kwa nini njia hii haijaenea zaidi, kwani haina mrija wa puani wala mtoto kulia. Gramu 0.8 za kinyesi, kiasi cha punje kubwa ya njegere, zinaingizwa moja kwa moja kwenye chupa ya mililita 8 za kitendanishi. Tikisa nusu dakika, acha dakika 10, tikisa tena, acha nyingine 10 ili uchafu utulie chini. Vuta mililita 2 za sehemu ya juu iliyo safi, bila kuitikisa chupa tena. Kosa la kawaida ni ukarimu: kinyesi kingi zaidi hakiongezi nafasi ya kupata bakteria, kinaziba katriji.

Kwa mgonjwa mwenye VVU aliyelazwa, usinunue Ultra bila vijiti vya Determine TB LAM, vinavyopima kifua kikuu kwenye mkojo. Wengi wao hawana makohozi ya kutoa na ugonjwa umeshaenea mwilini. Maikrolita 60 za mkojo, subiri dakika 25, soma kwa kadi yake kabla ya dakika 35 kupita. Mstari hafifu kuliko daraja la chini kabisa la kadi ni hasi. Kijiti hiki kinawakosa takriban nusu ya wagonjwa, kwa hiyo hasi yake haimwondolei mtu mashaka, lakini katika jaribio la nchi nne, Tanzania ikiwemo, vifo ndani ya wiki 8 vilikuwa asilimia 21 kwa waliopimwa nacho na 25 kwa wasiopimwa. WHO sasa inashauri vipimo vyote viwili vifanyike sambamba kwa watu hawa, bila kimoja kusubiri kingine.

Bei ya katriji ya kifua kikuu kwa nchi zinazopewa bei nafuu ilikuwa dola 16.86, ikashushwa hadi 9.98 mwaka 2012 kwa fedha za wafadhili, na Septemba 2023 ikawa 7.97 baada ya shinikizo kali la wanaharakati, Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) wakiwa mstari wa mbele na wito wao wa dola 5. Tunaunga mkono wito huo. Uchambuzi wao ulionyesha kwamba gharama ya kuitengeneza inaweza kuwa chini ya dola 5, na sehemu ya utafiti ulioizaa ililipiwa na fedha za umma. Katriji ya XDR wakati huo ilikuwa dola 14.90. Juu ya bei hizo weka usafiri, ushuru, katriji zitakazoharibika, na matengenezo.

Mpinzani wa kweli ni Truenat ya kampuni ya Molbio ya Goa, India, iliyokubaliwa na WHO mwaka 2020. Inatumia betri na inavumilia joto zaidi, kwa hiyo zahanati isiyo na kiyoyozi iifikirie kwa dhati. Upungufu wake ni hatua nyingi za mkono, na usugu wa rifampisini unahitaji chipu ya pili baada ya jibu la kwanza kuwa chanya. Tukiwa na umeme wa uhakika na wafanyakazi wachache, tunachagua Ultra. GeneXpert Omni, ile ndogo ya kubebeka iliyotangazwa 2015, usiisubiri, kwani haikufika sokoni.

Kabla ya kusaini mkataba, dai maandishi ya mambo haya: fundi atafika ndani ya siku ngapi baada ya kuitwa, moduli ya kubadilishia inatoka nchi gani na ushuru wake analipa nani, marekebisho ya kila mwaka yamo au yanalipiwa kando, na katriji zitapokelewa zikiwa na miezi mingapi kabla ya kuisha muda. Ongeza kipengele cha taka. Katriji zilizotumika zichomwe kwenye tanuri la joto kali, si kwenye shimo la nyuma ya hospitali, na zile za wingi wa virusi zina guanidini thayosayaneti, ambayo ikikutana na jiki hutoa gesi ya sumu. Mhudumu wa usafi aambiwe hilo siku ya kwanza, kwa maneno yaliyobandikwa juu ya ndoo.